Kidonda cha Jembe

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu, maana baridi ya Murungu ikishuka jioni haina huruma.

Msimu mmoja wa maharage, mtoto wa jirani alijikata kwa jembe juu ya kidole gumba cha mguu. Damu ikatoka, ikaganda. Kesho yake pakavimba, ukigusa pana moto. Moto ule ni wa vita. Chembe nyeupe za damu, ambazo huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, hupenya kuta za mishipa na kukimbilia jeraha kuwala vijidudu. Nyingi hufia palepale. Usaha mnaouchukia, sehemu yake kubwa ni maiti za askari hao. Mimi nikiuona huwaonea huruma.

Wakampeleka zahanati, akasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda. Lakini kidonda kikagoma. Wiki ya tatu, bado kibichi. Daktari akamuuliza mama, "Mtoto analala?"

Halali. Bibi yake alikuwa amelazwa hospitali huko Kibondo, na mtoto huyu, aliyezoea kulala mgongoni pa bibi, alikesha akisikiliza kila pikipiki ipitayo barabarani, akidhani imeleta habari mbaya.

Hofu haiishii kichwani, wanangu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayomwaga homoni iitwayo kotisoli. Ukikutana na nyoka shambani, inakusaidia kukimbia. Ikimwagika siku nenda siku rudi, inawapunguzia askari makali. Huko Ohio, Marekani, watafiti waliwatoboa kitundu kidogo kwenye ngozi wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Matokeo yalitoka mwaka 1995: vidonda vya waliouguza vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Kidonda ni kilekile, ila moyo umelemewa.

Na usingizi nao ni dawa. Ninyi wa miaka 6 hadi 12 mnahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Mkiwa mmelala, kinga ya mwili hukaza kumbukumbu zake juu ya adui iliyemwona.

Basi mama akamhamishia mtoto kitandani kwake. Kila jioni akamweleza hali ya bibi bila kumficha. Jumapili wakaenda kumwona. Maharage akayaunga kwa mawese, yale mekundu, ambayo rangi yake mwili huigeuza vitamini A, na ngozi huihitaji.

Siku bibi aliposhushwa na pikipiki mlangoni, mtoto alikuwa amelala fofofo, mchana kweupe. Bibi hakumwamsha. Aliinua shuka upande wa miguuni, akainama kutazama kidole: gaga jeusi, kavu, limeanza kubanduka pembeni.