Uteuzi wa Kiishio cha Kikoa kwa Tovuti ya Jiji: Nani Mlinzi wa Jina?

1. Utangulizi

Tovuti ya jiji ni mlango ambao mwananchi huupitia kutafuta leseni ya biashara, kibali cha ujenzi au taarifa za ushuru wa soko. Makala haya yanafafanua jambo linaloonekana dogo katika uanzishwaji wa tovuti ya namna hiyo, nalo ni uteuzi wa kiishio cha kikoa, yaani sehemu ya mwisho ya anwani kama vile .com, .tz au go.tz. Hoja kuu ni kwamba kiishio ndicho sehemu ya anwani ambayo mwenye tovuti hawezi kujitungia. Kwa hiyo, uteuzi wake unapaswa kuongozwa na swali la nani anakilinda na kwa masharti gani, badala ya bei au mvuto wake masikioni.

2. Namna anwani inavyosomwa

Binadamu huisoma anwani kutoka kushoto, ilhali kompyuta huitafuta kuanzia kulia. Tuchukue mfano wa mwanzacc.go.tz. Utafutaji huanzia kwenye seva za mzizi, ambazo huelekeza kwenye rekodi za .tz, kisha hufuata rekodi za go.tz, na mwishowe hupatikana seva ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kadiri tunavyokwenda kulia, ndivyo mamlaka ya mwenye tovuti yanavyopungua. Neno "mwanza" linaweza kuandikwa na yeyote katika kiishio kilicho wazi; "go.tz" haliandikwi ila kwa taasisi ya Serikali.

3. Aina za viishio

Kundi la kwanza ni viishio vya jumla. Kiishio cha .com, kilichoanza mwaka 1985, kinafahamika kila mahali, lakini hakimdai mwombaji uthibitisho wowote kuwa anahusiana na jiji analolitaja. Mtu akiunganisha jina la jiji na neno "malipo" mbele ya .com, anwani hiyo hupatikana kwa dakika chache iwapo haijachukuliwa. Hapo ndipo mfanyabiashara anayelipia leseni anapoweza kutapeliwa.

Kundi la pili ni viishio vya nchi, vyenye herufi mbili. Chini ya .tz kuna matawi kama co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi, ac.tz kwa vyuo na go.tz kwa Serikali. Kenya ina mpangilio unaofanana na huo chini ya .ke.

Kundi la tatu ni viishio vya miji yenyewe. Mwaka 2012 shirika la ICANN lilifungua maombi ya viishio vipya kwa ada ya dola 185,000 za Marekani kwa kila ombi. Kuanzia mwaka 2014 vikaanza kutumika .berlin, .london, .paris na .nyc, kwa upande wa Afrika vikaja.capetown, .durban na .joburg. Hata hivyo, tovuti kuu ya Cape Town imebaki capetown.gov.za, ya Paris imebaki paris.fr, na ya New York imebaki nyc.gov. Mifano hii inadhihirisha kwamba kuwa na kiishio cha jiji hakujaondoa thamani ya anwani ambayo wananchi wamekwisha kuizoea na kuiamini.

4. Uhai wa kiishio

Kiishio hufuata hatima ya anayekimiliki. Kile cha Yugoslavia, .yu, kilifutwa mwaka 2010, baada ya nchi yenyewe kutoweka. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, majina ya .eu ya waliokuwa huko na wasiokidhi tena masharti yalisimamishwa Januari 2021. Kwa mantiki hiyo, jiji linalotumia kiishio cha nchi yake lina msingi imara kuliko lile linaloazima kiishio cha nchi ya mbali kwa kuwa tu herufi zake zinapendeza.

Upande wa kushoto nao unahitaji tahadhari. Halmashauri nyingi za Tanzania huweka "mc" kwa manispaa na "cc" kwa jiji, vikiwa vifupisho vya Kiingereza. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na Ilala mwaka 2021, baada ya kuvunjwa kwa iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Hadhi inapobadilika, herufi hizo hupitwa na wakati, ilhali go.tz hubaki ilivyo. Anwani ya zamani haina budi kuendelea kulindwa na kumwelekeza msomaji kwenye mpya. Katika kiishio kilicho wazi, anwani iliyoachwa bila kulipiwa huweza kusajiliwa na mgeni, naye akaanza kupokea hata barua pepe zilizokusudiwa ofisi.

5. Hitimisho

Ufafanuzi huu unaelekeza kwenye mambo matatu. Kwanza, tovuti ya halmashauri itumie kiishio kilichotengwa kwa Serikali, na anwani hiyo moja ndiyo iandikwe kwenye stakabadhi, mabango na matangazo yote. Pili, tovuti binafsi inayohusu jiji, iwe ya habari, hoteli au biashara, itumie co.tz, or.tz au .tz, na ijitambulishe waziwazi kuwa si ya halmashauri. Tatu, viishio vingine vinavyobeba jina la jiji vikinunuliwa, vitumike kumrudisha mwananchi kwenye anwani rasmi. Mwananchi hana nyenzo za kukagua seva. Ana macho yake tu, na anachoweza kukikagua ni herufi chache za mwisho. Ni wajibu wa jiji kuhakikisha kwamba herufi hizo zinasema kweli.