Ujira wa Tabibu wa Nafsi Katika Milima ya Upare

Mkulima wa mpunga wa Ndungu au Gonja Maore akienda zahanati kwa sababu ya dhiki ya nafsi, aghalabu hasemi kwamba ana huzuni wala hofu. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, kifua kimembana na usingizi umempotea, na mhudumu, ambaye ana foleni ndefu mlangoni, humpima shinikizo la damu, humwandikia dawa ya maumivu, kisha humwita mwingine. Basi wateja wa matabibu wa nafsi waanzao kazi yao kwa kuusikiliza mwili wamejaa tele huku Upare. Kilichokosekana ni soko, yaani mtu wa kuitoa huduma na mtu wa kuilipia.

Huko Marekani, tangu Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo ya wiki nane ya kuzingatia pumzi na mwili, fani hii imekwisha kuwa biashara kubwa ya vitabu, vyeti na programu za simu. Kazi yenyewe, hata hivyo, ni nyepesi kwa vyombo: tabibu humketisha mgonjwa, nyayo zikanyage sakafu na viganja vilale juu ya mapaja, akamwuliza uzito ule umekaa wapi, kifuani au tumboni, na kama unapanda au unashuka, pumzi ikishatulia ndipo huzungumza habari za deni, za ndoa, au za mtoto aliyefariki. Hapana mashine wala maabara. Rasilimali yote ni saa moja ya mtu aliyefunzwa, na saa hiyo ni shida kuitia bei mahali ambapo watu wamezoea kulipia vidonge na vipimo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi na dola trilioni 1 kila mwaka, na siku hizo hupotea mashambani kama zinavyopotea maofisini. Kwa hiyo naona ni wajibu, sasa ambapo Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, saa ya kusikiliza ihesabiwe kuwa tiba yenye ujira wake.

Wala gharama si ya kutisha. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini walikusanywa kwa makundi ya watu 20 hadi 30, wakafundishwa kwa sauti zilizorekodiwa namna ya kujituliza na kurudisha fikra mwilini, mara tano, saa mbili kila mara, chini ya wasimamizi wasio matabibu; na utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha wanawake 694, ulionyesha kuwa dhiki yao ilipungua. Ukizigawa saa hizo kumi kwa wanawake 20, hata wasimamizi wakiwa wawili, kila mama amegharimu saa moja tu ya kazi. Wala kuitibu nafsi kwa kuanzia mwilini si jambo geni nchini: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kazi ya mikono katika mashamba ya chai ni sehemu ya tiba.

Haja ya Upare haihitaji kutafutiwa ushahidi wa mbali. Novemba 2009 udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, ukaua watu zaidi ya 20. Waliosalia wanaendelea kulima tangawizi katika miteremko ileile, na kila masika mvua hunyesha juu yao.

Vikundi vya VICOBA vya huko, yaani vya kuweka na kukopa, hukutana kila juma, vina mfuko wa jamii wa kusaidiana katika maradhi na misiba, na idadi ya wanachama wake inakaribiana na ile ya makundi ya Rhino. Muuguzi mmoja wa hospitali ya Kilutheri ya Gonja, akipewa mafunzo, nauli na posho kutoka katika mifuko hiyo, angeweza kuanza msimu huu, kabla bima haijafika.