Nani Ajaze Kiti cha Jaji Mwaka wa Uchaguzi?

Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alifariki dunia tarehe 13 Februari 2016, ikiwa imebaki karibu miezi tisa kufikia uchaguzi wa rais. Mwezi uliofuata Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland kushika nafasi hiyo. Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama cha Republican, haikumwita kumhoji wala kumpigia kura. Kiongozi wa walio wengi, Mitch McConnell, alisema wananchi wapige kura kwanza, kisha rais watakayemchagua ndiye ateue jaji.

Tarehe 18 Septemba 2020, Jaji Ruth Bader Ginsburg naye alifariki. Uchaguzi ulikuwa umebakiza siku 46 tu. Mara hii Seneti, chini ya kiongozi yule yule, ilimthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48. Zilikuwa zimesalia siku nane, na mamilioni ya wananchi walikwisha kupiga kura zao za mapema.

Mara zote mbili hakuna sheria iliyovunjwa, na hapo ndipo penye tatizo. Katiba ya Marekani inasema rais atateua majaji kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Haisemi Seneti ijibu ndani ya siku ngapi, wala haitaji mwaka wa uchaguzi. Pengo hilo limekuwa likizibwa na desturi, na desturi hudumu maadamu wenye nguvu wanakubali kuiheshimu.

Kila upande hukimbilia historia, na historia humpa kila mmoja ushahidi wake. John Adams alimteua John Marshall kuwa Jaji Mkuu Januari 1801, akiwa ameshashindwa uchaguzi. Marshall akaongoza mahakama hiyo hadi 1835. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitaka kumpandisha Abe Fortas kuwa Jaji Mkuu, lakini maseneta waliompinga walikwamisha kura hadi jina likaondolewa. Februari 1988, mwaka wa uchaguzi, Seneti iliyoongozwa na Democrat ilimpitisha Anthony Kennedy, chaguo la Ronald Reagan wa Republican, kwa kura 97 bila hata moja ya kupinga.

McConnell alijitetea kwamba mwaka 2020 rais na Seneti walikuwa wa chama kimoja, tofauti na 2016. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini haimo katika Katiba. Inathibitisha tu kwamba hatima ya kiti iliamuliwa na hesabu ya viti vya Seneti, si kalenda.

Gharama yake huwaangukia wananchi. Mahakama hiyo ina majaji tisa tangu 1869. Wakibaki wanane na kugawanyika nne kwa nne, uamuzi wa mahakama ya chini husimama, bila kuwa mwongozo kwa nchi nzima. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2016 katika kesi ya mpango wa Obama wa kuwalinda mamilioni ya wahamiaji dhidi ya kufukuzwa: mpango ulibaki umezuiwa kwa hukumu ya sentensi moja. Aprili 2017 Republican wakaondoa sharti la kura 60 lililokuwa likikiwezesha chama cha wachache kumzuia mteuliwa, na Neil Gorsuch akachukua kiti cha Scalia kwa kura 54 dhidi ya 45. Tangu hapo chama kimoja chaweza kumpitisha jaji peke yake, na jaji huyo atakaa kitini maisha yake yote akipenda.

Kenya ilichagua njia nyingine katika Katiba ya 2010. Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji hadharani, kisha humkabidhi rais jina la kuteua. Jaji hustaafu akifika umri wa miaka 70, kwa hiyo siku ya kiti kubaki wazi hujulikana mapema. Willy Mutunga alipoondoka Juni 2016, David Maraga aliapishwa kuwa Jaji Mkuu Oktoba mwaka huo. Septemba 1, 2017, mahakama aliyoiongoza ikabatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, rais aliyemteua.

Hata hivyo, Kenya nayo iliacha pengo. Katiba haikumwekea rais siku za mwisho za kuwateua majaji waliopendekezwa na Tume. Majina yaliyopelekwa mwaka 2019 yalisubiri hadi Juni 2021, na hata hapo Kenyatta aliwaacha sita. Hao waliteuliwa Septemba 2022, siku William Ruto alipoapishwa kuwa rais.

Nchi yoyote inayoandika au kurekebisha katiba yake ijibu maswali matatu: rais ana siku ngapi za kuteua, bunge lina siku ngapi za kujibu, na wakinyamaza nini kifuate? Majibu hayo yaandikwe wakati hakuna kiti kilicho wazi na hakuna anayejua nani atanufaika. Kungoja hadi jaji afe au astaafu katikati ya kampeni ni kuwaachia washindani wajitungie kanuni wakati mchuano umeshaanza.