Unataka kupanda parachichi nyumbani Mbinga? Angalia kwanza maji yanasimama wapi

Mchicha ukigoma huku, mwezi ujao unahamishiwa kule. Parachichi halina mchezo huo. Mche uliobebeshwa huchukua miaka mitatu hadi minne kuanza kuzaa, kwa hiyo anayekosea sehemu anaweza kupoteza miaka yote hiyo ndipo ajue.

Adui namba moja ni maji yaliyotuama. Mizizi mingi ya parachichi iko juu juu, ndani ya sentimita 60 za kwanza, na udongo ukilowa siku nyingi inakosa hewa. Hapo vimelea vya Phytophthora vinaiozesha. Majani yanakuwa madogo, yanageuka njano, matawi yanakauka kuanzia nchani. Mwenye mti anadhani una kiu, anaongeza maji. Ndiyo anaumaliza kabisa.

Mbinga kuna mtego mwingine: ngolo. Kwenye miteremko ya Umatengo, mashimo ya ngolo hushika maji ya mvua yasibebe udongo, huku maharage na mahindi yakiota juu ya matuta yanayoyazunguka. Kwa mazao hayo ni kilimo cha akili sana. Sasa mtu anaona shimo tayari lipo, kwa nini achimbe jingine? Anatumbukiza mche humo. Masika yakikolea, mche unakaa ndani ya kidimbwi. Kama lazima uwe kwenye ngolo, ukae juu ya tuta.

Jaribio lake halina gharama. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, jaza maji, yakiisha jaza tena. Kesho yake ukiyakuta bado yapo, panda juu kidogo ya mteremko, au inua kichuguu kipana cha udongo na samadi upande juu yake. Pale maji ya bati yanapomwagika, au bondeni chini ya nyumba, achana napo.

Jua linahitajika karibu kutwa nzima. Upepo wa kileleni nao huangusha maua na kuvunja matawi, hivyo upande uliokingwa na miti mingine ni bora, ila isiwe chini ya kivuli chake. Kutoka ukutani, acha mita sita au saba. Mti utakua, huo.

Ukishuka ziwani, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, hesabu inabadilika. Huko ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, wakati Mbinga mjini ni zaidi ya 1,300. Hass hupenda baridi ya juu; kwenye joto la Nyasa ni bahati nasibu. Aina za kienyeji huvumilia zaidi, na mwembe hausumbui kabisa. Mchanga wa huko haushiki maji, kwa hiyo shida ni kiangazi, Mei hadi Oktoba: mche uwe karibu na jikoni, maji ya kuoshea mboga yaufikie. Usisogee sana ufukweni, maana ziwa hupanda na kushuka.

Mche wenyewe ununuliwe mvua zikianza, Novemba au Desemba, shimo likiwa limeshajaribiwa.