Daftari na Shahidi: Blokucheni Ikiunganishwa na Hifadhidata

Majina haya mawili, hifadhidata na blokucheni, mara nyingi hutajwa kana kwamba la pili limekuja kuliondoa la kwanza. Sivyo. Hifadhidata ni daftari. Zilizoenea zaidi hupangwa kwa majedwali, kwa kufuata nadharia aliyoieleza E. F. Codd mwaka 1970, na kazi yake ni kutunza habari, kuzitafuta upesi na kuzisahihisha. Blokucheni ni mfululizo wa mafungu ya kumbukumbu, kila fungu likichukua alama ya lile lililolitangulia, na nakala zake zikiwa mikononi mwa wengi. Haifai sana kutafutia habari, yafaa kushuhudia.

Alama hiyo, iitwayo hashi, ndiyo kiungo cha hizo mbili. Maandishi yoyote, yawe barua ya mstari mmoja au kamusi nzima, yakipitishwa katika kanuni ya SHA-256 hutoa alama moja ya herufi na tarakimu 64. Neno “baba” likigeuzwa kuwa “babu” mahali pamoja tu katika kamusi hiyo, alama itokayo haitafanana na ya kwanza hata kidogo. Wazo la kufunganisha alama za namna hii lilielezwa na Stuart Haber na Scott Stornetta mwaka 1991. Kuanzia mwaka 1995 kampuni yao, Surety, ilichapisha alama kila juma katika The New York Times, miongoni mwa matangazo madogo. Aliyetaka kughushi hati ya zamani ingempasa kwanza azikusanye nakala zote za gazeti lile!

Nchini Estonia, baada ya mashambulizi ya mtandao ya mwaka 2007, mpango wa jinsi hiyo ulitengenezwa, na mwaka 2012 ukaanza kutumika katika rejista ya mirathi. Habari zenyewe hubaki katika hifadhidata. Kinachopelekwa kwenye mnyororo ni alama peke yake. Karani akibadili jina la mrithi kwa siri, alama mpya hailingani na ile iliyokwisha kushuhudiwa, naye hugunduliwa.

Lakini yapasa kuangalia neno “ukweli”, ambalo wauzaji wa mitambo hii hulitumia ovyo. Kilichothibitishwa ni kutobadilika tu. Jina likiandikwa kwa uongo siku ya kwanza, mnyororo utaushuhudia uongo huo kwa uaminifu uleule.

Tena kuna haki ya kufutiwa habari, iliyomo katika sheria ya Umoja wa Ulaya itumikayo tangu mwaka 2018. Kilichoandikwa mnyororoni hakifutiki, na kwa hiyo jina la mtu halina budi kukaa kwenye hifadhidata. Hata hashi ya jina peke yake ina hatari, maana mjanja aweza kuyajaribu majina yote ya mji hata alipate linalolingana. Ndiyo sababu mafundi huchanganya jina na namba ya siri kabla ya kulitolea alama. Siku ya kufuta, jina na namba huondolewa pamoja, na alama ibakiayo mnyororoni haina tena wa kuitambulisha.