Katuni Ina Zahiri na Batini

Wahenga wetu walisema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Katuni ya siasa ichapwayo gazetini ni fumbo la namna hiyo. Ina zahiri yake, yaani umbo linalomchekesha hata mtoto. Na ina batini yake, yaani kisa cha kale anachokidokeza mchoraji. Aishiaye kwenye zahiri hucheka au hukasirika bila ya kujua sababu.

Na tutoe mfano mmoja mashuhuri. Tarehe 10 Desemba 1892, jarida la kejeli la London liitwalo Punch lilichapisha katuni ya Edward Linley Sambourne. Alichorwa bepari Cecil Rhodes, wakati huo Waziri Mkuu wa Koloni la Cape, amesimama juu ya Afrika: mguu mmoja Kairo, wa pili Cape Town, bunduki mgongoni, na mikononi waya wa telegrafu aliotangaza kuutandaza kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwa zahiri, hiyo ni sifa ya jitu lenye nguvu. Nasi Visiwani, tuliokwisha kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, hatukuhitaji kuelezwa uzito wa miguu ile.

Lakini batini yake je? Mchoraji amelichezea jina. Rhodes ni kisiwa cha Wayunani pia. Katika miaka ya 305 na 304 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Demetrius alikizingira kisiwa hicho kwa majeshi yake, akashindwa kukiteka. Wenyeji wakasimamisha sanamu kubwa la shaba nyeusi, lenye urefu wa mita 33 hivi, kumshukuru mungu wao wa jua. Halikutimiza hata miaka 70. Tetemeko la ardhi likalivunja magotini.

Basi tazameni, ndugu wasomaji: ukumbusho wa wanakisiwa waliomshinda mvamizi amevishwa mvamizi! Tena, ni ukumbusho ulioanguka. Ikiwa mchoraji alikusudia yote hayo au hakukusudia, historia ndiyo iliyoukamilisha mchoro wake. Rhodes alikufa mwaka 1902, na waya wake haukufika Kairo. Nchi iliyopewa jina lake ikawa Zimbabwe mwaka 1980. Tarehe 9 Aprili 2015, sanamu lake likaondoshwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Hapa pana funzo kwa ndugu zetu watendaji wa Serikali. Tumewahi kuona wakubwa wakikasirishwa na ukubwa wa pua waliyochorewa, wasiulize maana ya picha yenyewe. Kabla ya kumwita mhariri ajieleze, hapana budi kuuliza mambo matatu: Nani amechorwa? Amevishwa kisa cha nani? Na kisa hicho kiliishaje? Swali la tatu ndilo kubwa, kwani onyo la mchoraji aghlabu limo mwishoni mwa kisa. Kiongozi aliyelielewa onyo bado ana nafasi ya kujirekebisha. Aliyemnyamazisha mchoraji amejinyima nafasi hiyo.

Kwa upande wa wananchi, tusitosheke na kicheko. Walimu wetu wa historia wazitumie katuni madarasani, ili vijana wajifunze kusoma picha kama wanavyosoma maandishi. Taifa lisilojua historia huchekeshwa na picha, likapitwa na ujumbe wake.