Alpaka yuko mbali, kobayi yuko jikoni

Katika kikao kimoja cha koperative kijana alitunyooshea telefone yake. Ilikuwa picha ya alpaka, yule mnyama wa manyoya laini wa Peru. "Ba agronome, huyu hatuwezi kumufuga huku kwetu Lubumbashi?" Batu wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana. Alitafuta mnyama wa kuleta franka, tena ambaye watoto wanaweza kumzoea.

Jibu letu: ndugu yake wa kijiji kimoja unaye tayari. Alpaka na kobayi wote asili yao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na watu wa kule wanawafuga tangu zamani sana. Alpaka jike anabeba mimba karibu miezi 11 na kuzaa mtoto mmoja. Kobayi anabeba siku 68 hivi, kwa kawaida anazaa 2 mpaka 4, na kibanda kidogo kinamtosha.

Watoto wanampenda. Wanampatia jina, wanamkatia majani wakitoka masomo. Ndiyo maana akikufa hasara ni mbili: franka ya minerval inapotea, na mtoto analia.

Kila kiangazi tunasikia malalamiko yale yale: "Banyama banakufa." Wengine wanasema ni baridi ya mwezi wa saba, wengine wanasema ni ulozi. Baridi inachangia, ndiyo. Lakini kuna sababu watu wanaisahau: mwili wa kobayi, kama wetu sisi, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Lazima aipate katika majani mabichi. Mbuzi anaweza kuvumilia nyasi kavu, kobayi hapana. Mpe bukari ya jana na nyasi kavu tu, baada ya wiki chache viungo vinavimba, anachechemea, mimba inatoka.

Kwa hiyo tujitayarishe sasa, mvua ikingali. Panda mistari ya matembele kando ya mto au karibu na kisima, ili mwezi wa nane ukate bado mabichi. Lengalenga na majani ya shu ya nje, yale mamama wanatupa sokoni, ni mazuri pia. Mpe kila siku, asubuhi na jioni.

Angalia mambo matatu:

– Majani ya avoka usimpe hata kidogo, ni sumu kwake.

– Usikate nyasi upande ule moshi wa bomba la Gécamines ulikuwa unaangukia. Udongo wa pale una risasi na kadimiamu.

– Badilishaneni madume na jirani kila mwaka, baba asipande mabinti wake.

Na mtoto wa nyumba umwambie mapema: madume ndiyo yataenda sokoni, jike mwenye jina atabaki. Mtoto akijua hivyo, hata kiangazi kikikauka namna gani, hatasahau kukata matembele.